Gunia la Njia ya Panya

Tukitaja ugaidi, wengi hufikiria bunduki na mabomu. Lakini chakula nacho chaweza kugeuzwa silaha. Mwaka 1984, mjini The Dalles, Marekani, wafuasi wa dhehebu moja walitia vijidudu kwenye saladi za mikahawa. Watu 751 wakaugua. Mwanzo walilaumiwa wahudumu kwa uchafu. Ukweli ulidhihirika mwaka uliofuata, polisi walipoivamia maabara ya dhehebu hilo.

Sasa tazama Migori. Isebania ni mlango wa mahindi kutoka Tanzania. Machi 2021 serikali ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya aflatoksini, sumu ya ukungu, kisha ikayaruhusu kwa sharti la cheti cha kupimwa. Hapakuwa na gaidi, lakini mlango ni ule ule: gunia lililopita njia ya panya hakuna ajuaye limebeba nini.

Kupima ni kazi ya wataalamu. Kazi ya askari ni kuhakikisha kila gunia linapita penye kipimo.

Huko Homa Bay kuna ziwa. Kikosi cha Walinzi wa Pwani, kilichozinduliwa hapa Mombasa Novemba 2018, hulinda pia Ziwa Victoria. Hata hivyo, mvuvi ndiye wa kwanza kuona boti ngeni usiku, naye hatasema asipomwamini askari. Askari anayekula hongo, au anayekagua kanzu badala ya mzigo, ameacha mlango wazi.

Nasi watu wa Pwani tusijione mbali: Lungalunga pia ni mpaka.