Mama, usiyanyamazie maumivu ya chini ya kitovu

Wanawake wengi huumwa chini ya kitovu wakanyamaza. Msichana huambiwa kuwa ndivyo wanawake walivyo, na mke huona haya kumweleza daktari. Ukiwa mtaani Kulamawe, mjini Isiolo, au penginepo, huenda nawe umewahi kununua vidonge viwili vya kutuliza maumivu dukani ukaendelea na kazi. Vidonge hivyo hutuliza, lakini haviponyi kila ugonjwa.

Tatizo ni kwamba mahali hapo pana viungo vingi vilivyosongamana: kibofu cha mkojo, mfuko wa uzazi, mirija miwili, ovari mbili, utumbo mpana na kidole tumbo. Kila kimoja chaweza kuuma, na kila kimoja kina dawa yake.

Hedhi

Chanzo cha kawaida ni hedhi. Mfuko wa uzazi hujikaza ili kutoa damu, na maumivu huanza damu inapotoka au muda mfupi kabla, kisha huisha kwa siku mbili au tatu. Chupa ya maji moto tumboni husaidia. Dawa kama ibuprofeni nayo husaidia, mradi uinywe baada ya kula, na usiwe na vidonda vya tumbo wala mimba.

Lakini yakizidi mwaka hadi mwaka, yakakuzuia kwenda shuleni au kazini, au ukiumia unapojamiiana au kwenda haja kubwa, yamkini ni endometriosi. Katika ugonjwa huu, utando unaofanana na ule wa ndani ya mfuko wa uzazi humea nje yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa humpata mwanamke mmoja kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa.

Maambukizo

Maumivu ya pande zote mbili yanayoandamana na homa, au uchafu ukeni wenye harufu mbaya, huenda yakawa dalili ya maambukizo ya mirija ya uzazi. Aghalabu huletwa na kisonono au klamidia. Yasipotibiwa, mirija huziba na mwanamke akakosa kuzaa. Maliza dawa zote ulizopewa hata ukipata nafuu, na mwenzako atibiwe pia, la sivyo mtaambukizana tena.

Ukihisi kuchomwa unapokojoa, na haja ndogo inakujia kila mara, chunguzwa mkojo. Katika maeneo makavu kama Isiolo, ambako maji ni ya shida, ni rahisi mtu kunywa maji machache na kuzuia mkojo kwa saa nyingi. Mazoea hayo huvipa vijidudu nafasi. Mama mjamzito asichelewe, kwa maana maambukizo yanaweza kupanda hadi kwenye figo.

Ukeketaji

Lipo jambo ambalo wengi hawalitaji. Katika baadhi ya jamii za kaskazini mwa Kenya wasichana wamekuwa wakikeketwa, na wengine kushonwa. Njia ikibaki nyembamba, mkojo na damu ya hedhi hutoka kwa shida, na matokeo yake ni maumivu ya kila mwezi na maambukizo yasiyokwisha. Kenya ilipitisha sheria ya kupiga marufuku ukeketaji mwaka 2011, lakini aliyekeketwa zamani hana kosa lolote. Mweleze mhudumu waziwazi, kwani makovu hayo yanaweza kutibiwa, na njia iliyoshonwa inaweza kufunguliwa hospitalini.

Uvimbe

Uvimbe katika mfuko wa uzazi, ambao aghalabu si saratani, huweza kuleta uzito tumboni na hedhi nyingi. Vifuko vya maji kwenye ovari navyo huuma, hasa ovari ikijisokota. Na aliyekwisha koma hedhi akitokwa tena na damu, hata tone, hana budi kuchunguzwa saratani.

Usingoje kuche

Hatari kubwa zaidi ni mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Hedhi imechelewa, maumivu makali yanakushika upande mmoja, damu kidogo inatoka, unaona kizunguzungu au bega linauma. Mrija ukipasuka, damu humwagika ndani ya tumbo na mama anaweza kufa kwa saa chache. Kadhalika, maumivu yaliyoanzia kitovuni yakahamia upande wa kulia, pamoja na homa na kutapika, huenda yakawa ya kidole tumbo.

Aliye mjini Isiolo aende mara moja kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti. Aliye Merti au Garba Tulla ana safari ndefu, kwa hivyo aanze na kituo cha afya kilicho karibu, na jamaa watafute gari mapema badala ya kungoja azimie.

Ukienda hospitalini, sema maumivu yalianza lini, yako upande gani, na hedhi yako ya mwisho ilikuwa tarehe gani. Uliza kama unahitaji kupimwa mkojo na mimba. Ukiona haya, omba mhudumu wa kike. Kuvumilia ni sifa njema, lakini hakuna mwanamke aliyeumbwa ili ale mawe na kunyamaza.