Picha Yako Mtandaoni Imehifadhiwa kwa Nani?

Ukifungua ukurasa wa tovuti wenye picha, ni rahisi kudhani kwamba picha hiyo imo ndani ya ukurasa, kama zilivyo picha za gazetini. Haimo. Kilichomo ni anwani tu. Kivinjari huisoma anwani hiyo, huiendea seva iliyotajwa, huchukua picha na kuiweka mahali pake. Seva yenyewe inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa, katika nchi nyingine.

Utaratibu huo ulipendekezwa mwaka 1993 na Marc Andreessen, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na kivinjari cha Mosaic kikaueneza. Enzi hizo intaneti ilipita kwenye laini ya simu. Kwa modemu ya kilobiti 28.8 kwa sekunde, picha ya kilobaiti 100 ilichukua karibu nusu dakika kufunguka. Ndiyo maana faili zilibanwa. GIF, aina ya faili ya mwaka 1987, ilifaa michoro na nembo kwa kuwa haikuzidi rangi 256. JPEG, iliyopitishwa mwaka 1992, ilifaa picha za kamera kwa sababu hutupa vitu vidogo ambavyo jicho halivitambui kirahisi.

Nafasi ya kuhifadhi nayo ilikuwa finyu. Wengi walichomeka kwenye kurasa zao picha zilizo kwenye seva za wenzao bila ruhusa, na kila aliyefungua ukurasa huo alimwongezea mwenye seva gharama. Haja ya nafasi ikazaa huduma za kuhifadhi picha: Photobucket na ImageShack mwaka 2003, kisha Flickr mwaka 2004. Ulipakia picha, ukapewa anwani, ukaibandika popote ulipotaka, bila malipo.

Lakini seva hula umeme, diski huharibika, na mtu anayeiona picha yako kwenye ukurasa wa mwingine haoni matangazo ya aliyeihifadhi. Hesabu zikagoma. Katikati ya mwaka 2017, Photobucket iliwataka wanaochomeka picha kwenye tovuti nyingine walipe karibu dola 400 kwa mwaka. Kurasa za maelekezo zilizojengwa kwa miaka mingi, kama namna ya kufungua injini hatua kwa hatua, zikabaki na maandishi matupu. Kila palipokuwa na picha pakatokea tangazo la kumtaka mwenye akaunti alipie. Huduma ya kurasa za bure ya GeoCities ilikuwa imeshafungwa Marekani mwaka 2009, na ile ya picha ya TinyPic ikafuata mwaka 2019.

Sheria ni ileile hata leo: mwenye seva ndiye mwenye kauli. Picha za harusi, za wazazi na za kazi yako zisikae mahali pamoja tu. Weka nakala halisi kwenye diski yako, weka nyingine mahali tofauti, na zile usizotaka kuzipoteza kabisa zisafishe kwenye karatasi. Fanya hivyo wakati akaunti yako bado inafunguka.