Mgonjwa Asiyetajwa

Mimi ni karani wa parokia, na kazi yangu mojawapo ni kuandika nia za Misa. Mwenye mgonjwa wa malaria husema malaria. Mwenye mtoto aliyevunjika mguu husema mguu. Lakini yuko mgonjwa mwingine, ambaye jamaa zake huinama wakaninong'oneza: "Andika mgonjwa tu." Hapo najua ni ugonjwa wa akili.

Mwaka jana alikuja mama mmoja mjane kumwombea mwanawe.

"Shikamoo, Mama. Anaumwa nini?"

"Marahaba, mwanangu. Haumwi, anawaza tu. Usiku halali, chakula hataki, miezi mitatu sasa yumo ndani. Majirani wanasema amerogwa."

Nikaandika, nikapokea sadaka, nikamwacha aende zake. Zahanati iko ng'ambo ya uwanja, nami sikumwonyesha! Kijana angekuwa na homa ningemsindikiza mwenyewe. Jambo hilo linanichoma hata leo.

Anawaza tu! Washona wa Zimbabwe nao wana neno lao, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Daktari wa kwao, Dixon Chibanda, hakulidharau. Madaktari wa akili walikuwa wachache mno nchini mwake. Basi mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, alianza na akina bibi 14, wakafundishwa kusikiliza. Bibi huketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakatafuta pamoja ni shida gani inayomlemea, na ipi ianze kutatuliwa. Nani atamwogopa bibi? Mwenye hatari ya kujiua hupelekwa kwa wakubwa wa zahanati. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi katika zahanati 24 za Harare: baada ya miezi sita, waliohudumiwa hivyo walikuwa na nafuu kuliko wale wa matibabu ya kawaida.

Sisi Tanzania tunayo Mirembe, kule Dodoma, hospitali ya miaka mingi. Lakini jina lake tumeligeuza tusi. Mtu akikosea hesabu dukani, "Huyu wa Mirembe!" Baada ya hapo nani atamtoa ndugu yake ndani?

Juma lililopita nilikwenda kwa yule mama. Alikuwa akipepeta mchele. Nilimwomba radhi, naye akacheka kidogo, akaniletea kigoda. Kijana alichungulia mlangoni, akaniamkia. Jumatatu tutakwenda zahanati, sote watatu.