Uvira: Ordinatere ya zamani inapokataa kuwaka, alimantasyo ya kununua haichaguliwi kwa wati peke yake

Kwenye sekretaria ndogo za mji wa Uvira, jimbo la Kivu ya Kusini, ordinatere moja ya zamani inaweza kulisha familia nzima. Ndiyo inayotoa barua za kuomba kazi, fomu za shule na kazi za mwisho wa masomo za wanafunzi. Siku umeme unarudi kwa kishindo kisha mashine inakataa kuwaka, mara nyingi kilichokufa ni kile kisanduku cha chuma cha nyuma, ambacho mafundi wanakiita alimantasyo.

Kukibadilisha si kazi kubwa. Lakini ukichagua vibaya, unaweza kuchoma karte-mere, hata diski yenye kazi za wateja.

Umeme wa Uvira unatoka kwenye mto Ruzizi, upande wa Bukavu. Kituo cha Ruzizi I kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II kikaanza kazi mwaka 1989. Alimantasyo inapokea umeme wa volti 220 na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3. Delestaji inapoisha na umeme kurudi ghafla, kisanduku hicho ndicho kinapokea pigo la kwanza.

Kupima kwanza

Ventilateri kuzunguka si ushahidi kwamba alimantasyo ni nzima. Fundi mwenye multimetre anapima: waya ya njano inapaswa kutoa kati ya volti 11.4 na 12.6, na nyekundu kati ya 4.75 na 5.25. Ikiwa nje ya hapo, ibadilishwe. Asiye fundi asifungue kisanduku chenyewe: kondensateri za ndani zinabaki na umeme hatari hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Swichi nyekundu

Alimantasyo nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye 115 na 230. Kisanduku kilichotumika Marekani kinaweza kufika kikiwa bado kwenye 115. Ukikichomeka hivyo kwenye umeme wa Uvira, kinalipuka papo hapo. Iweke kwenye 230 kabla ya kuchomeka.

Fishe na umbo

Mashine za zamani zina fishe kubwa ya matundu 20. Zilizofuata zina 24. Alimantasyo nyingi zina fishe ya 24 ambayo matundu manne yanachomoka, kwa hiyo inafaa kwa zote mbili. Tangu Pentium 4, mwaka 2000, kuna pia fishe ndogo ya matundu manne kwa ajili ya prosesa. Tazama vilevile kama diski yako ni ya fishe pana ya zamani au nyembamba ya SATA.

Tahadhari kwa wenye Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990: baadhi zina fishe inayofanana na ya kawaida, lakini waya zimepangwa tofauti. Inaingia vizuri, kisha inachoma karte-mere. Mashine nyembamba nazo zina visanduku vya umbo lao. Dawa ni moja: peleka kisanduku cha zamani dukani, ulinganishe matundu, rangi za waya na mahali pa vise.

Kusoma etikete

Namba kubwa ya wati inaweza kudanganya. Tafuta mstari wa volti 12 na uzidishe ampere zake kwa 12: ampere 16 ni wati 192. Ordinatere ya kuandikia tu, isiyo na karte kubwa ya picha, inatosheka na alimantasyo ya kweli ya wati 300. Kwa Pentium III na zilizotangulia, angalia ampere za volti 5 zisiwe chini ya zile za kisanduku cha zamani. Na kisanduku kilichoandikwa wati 500 lakini chepesi kama kopo tupu, kirudishe kwa muuzaji.

Baada ya kufunga kipya, stabilizateri nzuri inasaidia. Lakini kuna kinga isiyolipiwa hata franka moja: umeme ukikatika, chomoa waya ukutani, na usiurudishe mpaka umeme utulie. Na kazi za wateja zisikae kwenye diski moja tu.