Gofu Laweza Kuwa Nyumba, Ukuta wa Kale Ukitangulizwa

Ndugu askari, miongoni mwenu wapo waliohudumu Mogadishu tangu kikosi cha kwanza cha Burundi kilipofika huko Desemba 2007. Waliopita mitaa ya Shangani na Hamar Weyne wameyaona magofu: kuta nene za matumbawe na chokaa, ngazi zisizofika popote, milango iliyobaki matundu. Wengi hulitazama gofu la namna hiyo kuwa ni rundo la mawe lingojalo kuondolewa. Kusini zaidi, katika pwani hiyohiyo, wapo walioamua kuhamia ndani yake.

Huko ni Lamu, mji wa Kenya ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Katika mji huo na katika kijiji jirani cha Shela, nyumba za mawe zilizobaki kuta tupu zimeinuliwa upya, zikawa makao ya watu na ya wageni. Fundi ajuaye kazi yake haanzi na mchoro wa karatasini. Huanza kwa kupima kilichosalia. Chumba cha kale cha Kiswahili ni kirefu lakini chembamba, upana wake hauzidi sana mita 3, maana dari ilibebwa na boriti za mkoko na boriti ina mwisho wa nguvu zake. Atakaye sebule pana ya kisasa, akaubomoa ukuta wa kati, huwa ameikata dari miguu.

Basi usasa hutafutiwa nafasi pasipo kuulazimisha ukuta. Kiwanda, yaani ua wa katikati, huachwa wazi ili ulete mwanga na upepo. Zidaka zilizochongwa ukutani, ambazo zamani ziliwekwa vyombo vya thamani, hupokea vitabu na taa, na kabati haihitajiki tena. Jiko, choo na mabomba ya maji hujengwa upande mpya, mbali na mawe ya kale. Nyaya za umeme hupitishwa juu ya lipu au pembeni mwa dari, kwa kuwa kuuchimbia mifereji ukuta uliochoka ni kuumaliza.

Linaloharibu zaidi kuliko yote ni saruji. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu kutoka ardhini, na lipu ya chokaa huuachia utoke. Mwenye nyumba hupaka saruji akidhani ameuimarisha, kumbe ameufunga pumzi. Maji hukosa njia, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na baada ya miaka michache lipu hubanduka pamoja na uso wa ukuta. Fedha imepotea mara mbili: ya kupaka na ya kubandua.

Wala wakubwa hawakuepuka ajali. Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilibomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, na watu 2 wakafariki. Jengo la kale halingoji hadi mkutano wa kamati umalizike.

Hapa Jabe hatuna matumbawe. Tunazo nyumba za wazee zenye kuta za matofali mabichi, ambazo askari hurithi au hununua kwa akiba yake akikaribia kustaafu. Jiwe si lile, lakini kanuni ya unyevu ni ileile: tofali bichi lililovikwa saruji ngumu huoza ndani huku nje likipendeza. Mvua za Bujumbura hufanya yaliyosalia, na wanaolala chini ya ukuta huo ni watoto.

Kwa hiyo fedha ya kwanza itumike juu na chini, yaani bati lisilovuja na mfereji wa kuondoa maji msingini. Ufa upigwe alama kwa penseli na kuangaliwa majira mazima ya mvua; ukipanuka, aitwe fundi kabla ya kununua viti. Sehemu isiyofaa tena iondolewe bila huruma. Iliyo nzima iachwe ionekane, ipakwe chokaa nyeupe, na ukuta mpya usimame kando yake bila kuiegemea. Ama jengo lenye historia ya taifa, kama boma la Wajerumani la Gitega, hilo si la mtu kulichokonoa atakavyo. Ipo sheria ya mwaka 1983 ya kulinda urithi wa utamaduni wa nchi.

Lipu ya chokaa hupakwa kwa tabaka nyembamba, kila moja ikisubiri ya chini yake ishike, na hunyunyiziwa maji isipasuke kwa jua. Aliyepewa likizo ya wiki 2 amwachie mkewe au kaka yake kazi ya kunyunyiza, maana atarudi kambini kabla haijakauka.