Barua Yenye Kutia Shaka

Barua nyingi za watu wa Kwale hazifiki mlangoni. Huwekwa katika sanduku la posta la shule au la duka, kisha hupita mikononi mwa watu watatu wanne kabla ya kumfikia mwenyewe. Kwa hiyo barua yenye kutia shaka ni jambo la kijiji kizima.

Mwaka 2001, huko Marekani, bahasha zenye vimelea vya kimeta zilipelekwa kwa posta. Kimeta ni ugonjwa ule ule ambao wafugaji huujua kwa ng'ombe na mbuzi. Watu 22 waliugua, wakafa 5, wawili wao wakiwa wafanyakazi wa posta. Tarehe 18 Oktoba mwaka huo Waziri wa Afya wa Kenya, Profesa Sam Ongeri, alitangaza kuwa barua iliyofika Nairobi kutoka Atlanta imeonekana kuwa na kimeta. Hofu ilienea. Lakini vipimo vilivyofanywa baadaye havikuona kimeta ndani yake.

Basi hatari yaweza kuwa ya kweli, lakini unga wowote si kimeta mpaka wapimaji wathibitishe.

Ikiwa bahasha inavuja unga, mtu asiifungue, asiitikise, wala asiinuse. Aiweke chini polepole, azime feni, atoke na wenzake, afunge mlango. Kisha anawe mikono kwa maji na sabuni. Asiichome moto wala kuitupa chooni, kwa kuwa wapimaji hawatakuwa na kitu cha kupima. Habari ipelekwe kwa polisi au kwa chifu, pamoja na majina ya wote walioishika, ili waganga wa hospitali, kama ile ya Msambweni, wajue ni nani wa kuangaliwa. Dawa za kimeta zipo, nazo hufaa zaidi zikianzwa mapema.

Jambo la mwisho ni ulimi. Kimeta cha mapafu hakiambukizwi kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Basi hakuna sababu ya kuwakimbia watu wa nyumba iliyopokea barua, wala kumkataza mtoto wao kuteka maji kisimani. Tena jina lililoandikwa nyuma ya bahasha si ushahidi, maana mwenye nia mbaya aweza kuandika jina la jirani yako. Kumtafuta aliyeituma ni kazi ya polisi. Kazi ya kijiji ni kutoa habari upesi, na kuingoja kweli kwa utulivu.