Kolwezi iko mu vitabu, lakini nani anawajibu waandishi?

Tuulizane kwanza. Kati yetu sisi tunaosoma ukurasa huu, ni wangapi wanajua kama mji wetu wa Kolwezi uko na riwaya yake? Iko. Inaitwa Shaba deux, ilitoka mwaka 1989, na aliyeiandika ni Valentin-Yves Mudimbe, mtoto wa Likasi, aliyezaliwa mwaka 1941 wakati mji ule ulikuwa ungali unaitwa Jadotville. Ndani yake mtawa mmoja Mwafrika, Mama Marie-Gertrude, anaandika mu daftari lake mambo ya vita ya 1978, ile ya mwezi wa tano, wakati askari wa parashuti wa Ufaransa walishuka juu ya Kolwezi.

Mudimbe alikufa mwezi wa nne 2025 kule Marekani, alikofundisha miaka mingi. Wazee walioishi ile vita tuko nao bado, mu Manika, mu Musonoie, mu Luilu. Wao njo walizika watu, wao njo walilala chini ya vitanda na watoto wao. Wako na mengi ya kumwambia mwandishi: hapa umesema kweli, hapa haikukuwa vile. Lakini riwaya ilitoka mbali, kwa Kifaransa cha juu, na wengi wao hawajaishika mu mkono hata siku moja.

Hii njo habari ninayotaka tuongee leo. Mimi si mwandishi wa vitabu. Ni mfanyakazi wa mgodi na delege wa sendika, nilimaliza sekondari, basi. Lakini kazi ya sendika ilinifundisha jambo moja: mtu akisema kwa jina lako, lazima uwe na njia ya kumjibu. Delege ambaye harudi kwa wafanyakazi kuuliza kama alisema vizuri, huyo anajisemea mwenyewe. Mwandishi wa riwaya naye anasema kwa jina la watu. Anafanya kazi peke yake, kama mchimbaji aliye chini mu shimo. Akivuta kamba, mtu wa juu anapashwa kujibu. Kama hakuna anayejibu, wa chini atajuaje kama bado wako naye?

Tuchukue Fiston Mwanza Mujila. Alizaliwa Lubumbashi mwaka 1981, leo anaishi Graz, mu Austria. Riwaya yake ya kwanza, Tram 83, ilitoka Paris mwaka 2014. Mtu wa Katanga akiifungua hana lazima ya kuelezewa: mji wa migodi uliojitenga na nchi, stesheni ya treni ambayo haikumalizika kujengwa, wanafunzi wanaogoma, wachimbaji, wageni waliokuja kutafuta faida, na baa moja ambamo wote wanakutana usiku. Mwaka 2016 kitabu kiliingia mu orodha ya zawadi ya Man Booker International kule Uingereza, na mwaka 2017 kilipata zawadi mu Berlin. Mwandishi mwenyewe anapenda kukisoma mbele ya watu pamoja na wanamuziki wa jazz. Basi wasomaji wake anawaona kwa macho. Wanacheka, wanapiga makofi, wanauliza maswali. Ni vizuri, na tunafurahi juu yake. Lakini makofi mengi yanapigwa mbali na migodi.

Na ndani ya riwaya yenyewe ile shida iko. Lucien, mmoja wa wakubwa wa hadithi, ni mwandishi. Anafika mu mji ule na karatasi zake, anakaa kwa rafiki yake Requiem, mtu wa biashara za gizani, ambaye mambo ya kuandika hayamwambii kitu. Anayekubali kusoma kazi yake ni mchapishaji mmoja mgeni, Malingeau, naye anamwambia apunguze watu walio ndani ya hadithi. Mwanza Mujila aliliona jambo hili vizuri. Mu mji wa migodi, msomaji wa kwanza wa mwandishi ni mtu aliyetoka mbali, na yeye njo anaamua nani atabakia mu hadithi na nani atatoka.

Kuna riwaya ingine inayotugusa karibu zaidi. Inaitwa Généalogie d'une banalité, ya Sinzo Aanza, ilitoka Ufaransa mwaka 2015. Mu mtaa mmoja wa Lubumbashi, ambao mwandishi anauita Bronx, watu wanachimba shaba chini ya nyumba zao wenyewe. Sisi wa Kolwezi hatuna lazima ya kufikiri sana juu ya kuelewa. Mwaka 2014, mu Kasulo, watu waligundua kobalti chini ya parseli zao, na kisha muda mfupi mashimo yalikuwa yanashuka chini ya jikoni na chini ya vyumba vya kulala. Kile mwandishi alikiweka mu hadithi, sisi tulikiona mu mtaa.

Habari ya kitabu hiki niliwaelezea wenzangu saa ya kula, kwa Swahili yetu. Walianza kwa kucheka. Kisha mmoja aliyechimba zamani kwa mkono akauliza: "Ule muntu aliingiaka mu shimo, ao balimuelezea tu?" Mama mmoja anayeuzisha chakula pale mlangoni akasema: "Na shimo ikianguka, kitabu inasema nani analipa kilio?" Mzee mmoja alikaa kimya mpaka mwisho, njo akasema: "Aandike na majina. Bale balibakia kule chini, majina yabo hakuna pahali iliandikiwa."

Hayo si maneno ya watu wasiopenda vitabu. Yule wa kwanza anataka kujua mwandishi alipata wapi ushahidi wake. Mama anauliza kitabu kinasema nini juu ya deni la damu. Mzee anamwomba mwandishi afanye kazi ambayo mtu mwingine hakuifanya. Hata maprofesa hawaulizi vizuri kupita hapo. Shida ni kwamba maswali yale yaliishia pale mlangoni, mwandishi hatayasikia.

Msiniambie kwamba ni Kifaransa tu kinachotufunga. Wale wa umri wangu tulisoma Zamenga Batukezanga tukiwa shuleni. Carte postale, ya mwaka 1974, ilikuwa inapita mkono kwa mkono mpaka jalada linatoka. Zamenga alikuwa mtu wa Bas-Congo, hakuwa mtu wa huku, lakini aliandika Kifaransa chepesi na vitabu vyake vilichapishwa Kinshasa kwa bei ambayo mzazi anaweza. Msiseme tena kwamba watu wetu hawapendi hadithi. Kikundi cha Mufwankolo, kule Lubumbashi, kilicheza hadithi mu redio na mu televisheni kwa Swahili ya mtaani, na kesho yake kila mtu alikuwa na la kusema, huyu anakubali, yule anabisha. Hadithi ikiwa karibu, mtu anajibu.

Sasa, juu ya kuona kinachotokea wakati msomaji anajibu kwa kweli, twende mpaka Kenya, kwa Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekufa mwezi wa tano 2025. Ngũgĩ alianza na riwaya za Kiingereza, na sifa alipata. Lakini watu wa kijiji chake, wafanyakazi wa mashamba ya chai na wa kiwanda cha viatu, hawakuwa wanazisoma. Mwaka 1977, kule Kamiriithu karibu na Limuru, yeye na Ngũgĩ wa Mirii walitayarisha mchezo wa kuigiza kwa Kigikuyu pamoja na wakaaji wenyewe. Kile kilichotokea, mtu wa sendika akisikia anasimama. Wanakijiji walianza kuwasahihisha waandishi: mzee hasemi vile, wimbo ule hauimbwi vile. Wafanyakazi wa idara moja ya kiwanda cha Bata walikaa wakapiga hesabu ili wawaelezee wale ambao hawakufanya kazi ya kiwanda. Wakaona kwamba viatu wanavyotengeneza siku moja vinatosha kulipa mishahara ya mwezi ya wafanyakazi wote wa kiwanda, watu 3,000. Siku moja ni yao. Zile 29 zingine wanamfanyia nani kazi?

Hesabu ile, mwandishi peke yake mu chumba chake hangeiweza. Ilitoka kwa watu wanaojua mashine. Serikali nayo ilielewa haraka: mchezo ulikatazwa mwezi wa kumi na moja 1977, na tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili Ngũgĩ alikamatwa, akafungwa mwaka mzima karibu, pasipo kuhukumiwa. Mu gereza la Kamiti aliandika riwaya yake ya kwanza kwa Kigikuyu, Caitaani Mutharaba-ini, juu ya karatasi ya choo. Akikosa neno ao methali, alianzisha mazungumzo na walinzi wa gereza, nao wakamfundisha pasipo kujua kama wanasaidia kitabu.

Riwaya ilitoka mwaka 1980. Walichapa vitabu 5,000, na mu mwaka ule ule walirudia mara mbili, 5,000 na tena 5,000. Lakini hesabu ya wasomaji inapita ile ya vitabu. Jamaa zilikusanyika jioni, anayejua kusoma akawasomea wengine. Watu waliisoma kiwandani saa ya kula, na mu basi. Mu baa msomaji alisimama juu ya kusoma, glasi yake ikiisha naye ananyamaza pahali pazuri kabisa, mpaka mtu amnunulie ingine. Mwandishi gani hangependa jibu la namna ile?

Na wakubwa nao wanasikiliza. Mwaka 1986 ilitoka riwaya ingine ya Ngũgĩ, Matigari, naye mwenyewe alikuwa amekimbilia Uingereza. Mtu wa hadithi, Matigari, anazunguka nchi akiuliza kweli na haki ziko wapi. Mwanzo wa 1987 wapelelezi walipeleka habari kwamba wakulima wanasema juu ya mtu mmoja anayezunguka akiuliza maswali hayo. Amri ikatoka akamatwe. Polisi walitafuta, kumbe ni mtu wa riwaya. Wakashindwa kumfunga, basi mwezi wa pili wakaingia mu maduka na kukamata vitabu. Wasomaji walimwongelea Matigari kama jirani yao, mpaka polisi wakaamini.

Sisi tuna nini cha kuchukua pale? Sisemi kila mwandishi wa Katanga aache Kifaransa leo. Kuna njia ya kutafsiri. Riwaya ile ya gerezani ilipata Kiswahili chake, Shetani Msalabani, kisha miaka miwili tu, mwaka 1982. Kwa Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, aliyepata zawadi ya Nobel mwaka 2021, wasomaji walingoja sana: Paradise ilitoka mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akaileta kwa Kiswahili, Peponi, mwaka 2022. Miaka 28. Hatutaki kungoja vile kwa vitabu vinavyosema juu ya mashimo yetu sisi wenyewe.

Mambo matatu tunaweza kuyaanza pasipo kungoja waziri. La kwanza, kila sendika itafute kitabu kimoja, na anayejua Kifaransa awasomee wenzake na kuwaelezea kwa Swahili, saa moja kwa juma inatosha. La pili, mtu mmoja aandike maswali na masahihisho ya watu, na yatumwe kwa mchapishaji. Jina na adresi yake viko mu kitabu. La tatu, tuwaombe wachapishaji wa kule Ulaya watoe ruhusa ya kuchapa hapa kwa Swahili, kwa bei ya mtu wa mshahara.

Na ninyi waandishi, mkija Kolwezi, msikomee ku hoteli na ku sale za watu walioalikwa. Kujeni ku mlango wa mgodi saa ya kubadilisha zamu, na kitabu mu mkono. Watu wamechoka saa ile, lakini watawasikiliza. Kisha watawajibu, na hawatawapigia makofi tu.